Kunakili si Kudesa

Siku niliyobandika mlangoni picha yangu ya kwanza ya sura ya mtu, jamaa wa chumba cha jirani aliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Akasogea karibu, akarudi nyuma, akainamisha kichwa upande. Mimi nimeshaanza kuvimba kichwa. Kisha akauliza, "Hii umeitoa kichwani?" Nikamjibu hapana, nimeinakili kutoka kwenye picha ya zamani ya rangi za maji, ilichorwa Kenya enzi za mkoloni. Palepale uso ukambadilika. "Aaah! Kumbe umedesa tu."

Ikawa ndiyo habari ya korido nzima. Wiki mbili mfululizo jina langu lilikuwa Desa, hadi mama anayetuuzia chapati asubuhi akalidaka.

Sihitaji kumweleza msomaji wa gazeti hili uzito wa neno lile. Desa ni kile kikaratasi kinachoingia na mtu kwenye chumba cha mtihani kikiwa kimekunjwa kama hirizi. Desa pia ni yale makaratasi yaliyorudufiwa mara kumi, herufi zimefifia, tunayoyagombania steshenari siku mbili kabla ya pepa. Watu wamefukuzwa chuo kwa ajili yake. Kwa hiyo mtu akikuambia umedesa picha, hakutanii. Anakuambia kwamba kazi si yako na sifa si yako.

Naandika kumjibu jirani yangu, kwa sababu naamini amekosea, na kosa lake tunalo wengi hapa chuoni. Ninachosema ni hiki: kuinakili picha ya zamani kwa mkono wako, mbele za watu, na kusema wazi kwamba ni nakala, ni njia halali ya kujifunza kuchora sura ya mtu kwa rangi za maji. Kwangu mimi ndiyo njia pekee iliyofanya kazi. Lakini ngoja nianze Mtumba, maana mambo yote yalianzia huko.

Mwaka jana nilipelekwa Mtumba kwa mafunzo ya vitendo, kwenye masijala ya ofisi moja ya serikali. Wasiopajua, Mtumba ni huko kwenye Mji wa Serikali, mashariki ya Dodoma mjini, unaifuata barabara ya Dar es Salaam kilomita kama 17. Wengi wetu tunapajua kwa majengo ya wizara, yale ya vioo yanayowaka jua likizama. Ila kabla ya vioo Mtumba kilikuwa kijiji cha Wagogo, na ukitoka nje kidogo ya lami bado ni kijiji: mibuyu, mashamba ya uwele na mtama, mbuzi wanaovuka barabara kwa muda wao. Mimi boom lilikuwa limechelewa, basi nikapanga chumba cha bei nafuu upande huo, kwa bibi mmoja ambaye sitamtaja jina kwa sababu sijamwomba ruhusa.

Bibi hajui umri wake sawasawa. Anachokumbuka ni kwamba Uhuru ulipokuja yeye alikuwa msichana mkubwa wa kuchota maji mwenyewe. Masikio yake yalitogwa zamani na ndewe zake zimerefuka, zinacheza akitembea. Kipajini ana ile alama ya duara ambayo wazee wa Kigogo wengi wanayo. Asubuhi nilikuwa namwamkia, "Mbukwenyi, bibi," naye anacheka matamshi yangu kabla ya kuitikia. Jioni nikirudi masijala nakaa uani na kopo la brashi, nachora mibuyu, nachora kuku.

Siku moja akauliza, "We mjukuu, kila siku unachora kuku. Mimi mbona hunichori?"

Nikamwambia bibi, sura ya mtu ni ngumu. Akaingia ndani, akatoka na kitambulisho chake cha taifa. Hiyo ndiyo picha yake pekee. Akanionyesha, akasema, "Angalia walivyonifanya. Kama mtu aliyekamatwa na mbuzi wa jirani."

Basi nikamchora. Nilitumia manila, ile tunayoandikia mabango ya semina, na kile kisanduku cha rangi kumi na mbili cha watoto wa shule. Matokeo yake sitayasahau. Nilianza na kahawia, ikawa nyepesi, nikaongeza nyeusi, ikawa majivu, nikaongeza nyekundu, manila ikaanza kuchubuka kama ngozi ya ndizi. Bibi akaishika mbali na macho, akaishika karibu. "Huyu," akasema kwa upole kabisa, "ni mgonjwa?"

Hapo ndipo nilipoamua kujifunza kweli. Nikatafuta video kwenye simu, bando likaisha, nikaongeza bando. Kila mwalimu wa rangi za maji niliyempata alikuwa na maelekezo yaleyale ya kuchanganya rangi ya ngozi: nyekundu kidogo, njano kidogo, maji mengi. Ukifuata unapata ngozi ya Mzungu. Hakuna hata mmoja aliyesema neno kuhusu ngozi ya bibi yangu wa Mtumba. Ndipo nikajiuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: kuna mtu aliyewahi kuchora wazee wa Kiafrika kwa rangi za maji, huku kwetu, vizuri, ili nimtazame alifanyaje?

Yupo. Ni Joy Adamson, yuleyule mama wa simba Elsa. Wengi tunamjua kwa simba tu. Alizaliwa mwaka 1910 kwenye himaya ya Austria, akafika Kenya mwaka 1937, na kwanza alijulikana huko kwa kuchora maua kwa rangi za maji. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ya Kenya ikampa kazi ya kuchora watu wa makabila ya nchi ile wakiwa na mavazi na mapambo yao ya jadi, kwa kuamini kwamba mambo hayo yalikuwa yanatoweka. Akazunguka Kenya miaka kadhaa, akachora mamia ya picha. Mwaka 1967 nyingi zilitoka kwenye kitabu kiitwacho The Peoples of Kenya, na leo Makumbusho ya Taifa ya Nairobi ndiyo yenye hazina hiyo. Kuhusu nia ya serikali iliyomtuma nitarudi. Kwanza mkono wake.

Nilipata kwenye simu picha moja ya mzee mwenye ndewe ndefu kama za bibi. Nikaichapisha steshenari kwa rangi, nikaigawa kwa rula miraba ya sentimita mbili mbili, nikagawa na karatasi yangu vilevile, nikaanza kuhamisha mstari kwa mstari. Safari hii nilikuwa nimejinyima chipsi za wiki nzima nikaagiza Dar karatasi nzito ya gramu 300, ile isiyochubuka.

Nakala ya kwanza nilianza na sehemu za giza, kama nilivyozoea kwa penseli. Kufika kwenye jicho nikatafuta nyeupe ya kuweka kile kinukta cha mwanga. Hakuna. Kwenye rangi za maji nyeupe ni karatasi yenyewe. Yule mama alipochora kipaji kinachong'aa, hakuweka mng'aro, aliuzunguka. Alijua tangu brashi ya kwanza mahali gani hatagusa mpaka mwisho. Mimi nilishapapaka. Rangi za mafuta ukikosea unapaka juu yake, hizi ukikosea umekosea. Nikatupa.

Nakala ya pili nikaanza na mwanga: mpako mwembamba kama chai ya mwisho wa mwezi, uso mzima, huku nimeacha vile vinukta. Ilikuwa Septemba, na anayeishi Dodoma anaujua upepo wa Septemba. Kabla brashi haijafika shavu la pili, shavu la kwanza limeshakauka, na pale rangi mbichi inapokutana na kavu panabaki ukingo kama wa mtaro. Juu yake, karatasi ilipokauka kabisa, ikatoka na vumbi jeupe. Maji ya kisima chetu yana chumvi. Nikaanza kuchora saa kumi na moja alfajiri kabla ya upepo, karatasi nimeilaza juu ya kitambaa kibichi, na nikanunua maji ya chupa kwa ajili ya brashi. Bibi aliponikuta nachovya brashi kwenye maji ya dukani wakati yeye anakunywa ya kisima, aliniuliza kama kwetu nilipewa malezi.

Nakala ya tatu ndiyo iliyonifungua macho. Kwenye print yangu, juu ya kipaji na kwenye mfupa wa shavu wa yule mzee, palikuwa na bluu. Bluu kabisa. Nilidhani wino wa steshenari umeharibika. Nikairuka, nikaweka kahawia ya kawaida, uso ukawa bapa kama sahani. Mchana wake nikamtazama bibi akipepeta uwele uani, jua la saa saba. Bluu ilikuwepo. Ngozi nyeusi iliyopakwa mafuta inalivuta anga. Kipajini mwake palikuwa na kipande cha mbingu ya Dodoma. Na kwenye ndewe, pale jua lilipopenya kutoka nyuma, palikuwa pekundu, karibu rangi ya chungwa. Nimekaa na huyu bibi wiki saba, nakula kwake, sijawahi kuyaona hayo. Ilibidi niambiwe na picha ya mtu mwingine.

Toka siku hiyo rangi nyeusi niliitoa kwenye kisanduku. Kahawia ya udongo uliochomwa pamoja na bluu nzito zinatosha: ukizidisha kahawia unapata joto, ukizidisha bluu unapata kivuli, ukizilinganisha unapata giza ambalo bado linapumua. Huu ni utaalamu mdogo, mchoraji yeyote mzoefu angenieleza kwa dakika mbili. Lakini sikuwa naye, na nina shaka kama ningemwelewa.

Sasa nimrudie jirani yangu. Kwenye mtihani, desa linafanya kazi kwa sababu huhitaji kuelewa. Unaweza kunakili fomula bila kujua herufi hata moja inasimama badala ya nini, na msahihishaji akakupa alama zako. Jibu lililo kamili linatosha. Picha ya rangi za maji haikupi hilo. Kinachoonekana ni mwisho tu; hatua zimefichwa ndani yake, tabaka juu ya tabaka. Ipi ilitangulia? Wapi alisubiri ikauke, wapi aliingia ikiwa mbichi? Hayo hayajaandikwa popote. Inakubidi uyafumbue mwenyewe, na kila ukifumbua vibaya karatasi inakuumbua. Mtu anayeweza kuidesa picha ya namna hiyo bila kuielewa, mleteni kwangu, nitamnunulia wali kuku.

Mfano mwingine tunao hapahapa mkoani kwetu. Mwezi Novemba mimi na mwenzangu mmoja tulipanda basi la Babati tukashuka Kolo, wilaya ya Kondoa. Lami inafika kijijini. Kutoka hapo kuna kipande cha vumbi halafu unapanda mlima kwa miguu, na anayekuongoza hana haraka na pumzi zako. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006: miamba zaidi ya 150 yenye michoro, kwenye eneo la kilomita za mraba 2,336. Wanachuo wa Dodoma wengi, nathubutu kusema, hawajawahi kukanyaga pale. Wanyama, watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, wekundu wa udongo, na juu yao michoro mingine myeupe ya watu waliokuja baadaye.

Mwaka 1951 Mary Leakey, mwanaakiolojia, alikaa huko akifanya kitu kimoja tu: kunakili. Alibandika karatasi angavu juu ya mwamba na kufuatisha mistari, mchoro kwa mchoro, kisha akaichora upya kwa rangi. Na kwa kuwa michoro ilikuwa imepandana, ilimlazimu kuamua ipi iko chini na ipi iko juu, yaani nani alitangulia. Kwa njia hiyo ndipo alipoweza kuipanga kwa vipindi. Nakala zake zilitoka kwenye kitabu mwaka 1983. Nilikaa chini ya ule mwamba nikifikiria karatasi yangu ya saa kumi na moja alfajiri. Swali ni lilelile: ni brashi gani ilitangulia? Na kwa kuwa mvua, moshi na mikono ya watu havijauacha mwamba salama, baadhi ya yale aliyoyafuatisha leo unayaona vizuri zaidi kwenye nakala yake kuliko ukutani. Hakuna anayemwita Mary Leakey mdesaji.

Haya, upande wa pili una hoja, tena nzito, na si haki kuwapita.

Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Marangu mwaka 1932, mmoja wa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa kule Nairobi mwaka 1965, anajulikana Afrika Mashariki nzima kwa fundisho moja: usinakili, kwani kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Njau alisoma Makerere, kwenye shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwishoni mwa miaka ya thelathini, ambako wanafunzi walisukumwa wachore hadithi na maisha ya kwao kutoka kichwani badala ya kuiga picha za Ulaya. Huko ndiko alikotoka pia Sam Ntiro, Mchaga mwingine, aliyechora migomba na shughuli za kijiji chake hadi picha yake moja ikanunuliwa na Museum of Modern Art ya New York. Watu hawa walikuwa wanajua walisemalo. Kijana wa Kiafrika wa zama zile akipewa picha ya mwanamke wa Kizungu anywaye chai aiige, akifaulu sana atakuwa kivuli cha mtu wa London. Katazo lao lilikuwa ukombozi, na mimi ninalivulia kofia.

Ila sisi tumelipokea katazo tukaiacha kazi iliyokuwa nyuma yake. Ntiro na Njau walikaa miaka darasani, mkono ulishafundishwa ndipo ukaachiwa. Sisi tunamwambia mtoto wa mwaka wa kwanza "chora kutoka moyoni" siku ya kwanza, na anachotoa moyoni ni katuni aliyoiona kwenye simu. Huyo naye ananakili, sema hajui ananakili nini.

Hofu ya Njau ina ushahidi wake mwingine, na huu uko Dar. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968, kwa rangi za kung'aa zile za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mbao laini. Alikufa mwaka 1972. Miaka minne tu. Ndugu na vijana aliokuwa nao walijifunza kwa kukaa karibu yake na kuiga mbao zake, na kwa kuiga huko staili ikaishi, ikakua, ikalisha familia, ikapata jina duniani kote. Bila nakala, Tingatinga angekuwa mbao chache kwenye nyumba za Wazungu waliokwisha kuondoka. Lakini nenda leo kwenye maduka ya watalii uhesabu tembo waleule mbele ya Kilimanjaro ileile. Wapo wachoraji wa Tingatinga wenye akili na mkono wao, nimewaona. Wapo pia ambao wamebaki kwenye desa la babu. Wote walianza kwa kunakili. Tofauti ni kwamba wengine waliendelea kutembea.

Kwa hiyo sitetei kila kunakili. Natetea kunakili kwenye masharti, na masharti yapo duniani toka zamani. Louvre, Paris, wanaruhusu wachoraji kukaa mbele ya picha na kuzinakili, jambo linalofanyika tangu jumba lile lifunguliwe kwa umma mwaka 1793. Lakini nakala yako haitakiwi kulingana ukubwa na picha ya asili, na sahihi ya mchoraji huruhusiwi kuiga. Basi. Masharti mawili, na yanatosha kutenganisha mwanafunzi na tapeli. Kwetu, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Adamson alifariki mwaka 1980. Kwa hesabu hiyo nakala zangu za mzee yule ni za kujifunzia chumbani, si za kuuza wala kuchapia fulana, na nyuma ya kila moja nimeandika imenakiliwa kutoka kwa nani. Jirani yangu angeigeuza ile karatasi mlangoni angesoma.

Sasa lile la nia ya serikali. Nilipomaliza nakala ya tano, ile iliyokaa sawa, nilimwonyesha bibi kwa majigambo. Akaitazama sana. Akagusa ndewe za yule mzee kwa kidole, akagusa na zake.

"Huyu ni nani?"

"Ni mzee mmoja wa Kenya, bibi. Wa zamani."

"Nasikia. Anaitwa nani?"

Nikafungua simu. Chini ya picha ile niliyoipata palikuwa na kabila, na neno mzee kwa Kiingereza. Jina hapana. Nikamwambia, bibi, jina halijaandikwa.

"Ulikaa naye siku zote hizo," akasema, "hukumuuliza?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina zuri. Miezi miwili nilikuwa nimefuata kila mkunjo wa uso wa yule mzee, najua jicho lake la kushoto ni dogo kuliko la kulia, na wala haikunijia kwamba sijui jina lake. Serikali iliyolipia picha zile ilitaka kumbukumbu ya makabila, mavazi na shanga. Mkono wa Adamson, mimi naamini, ulikwenda mbali kuliko agizo. Huwezi kuchora macho yale kama unatazama shanga tu. Lakini agizo lilibaki pale chini, kwenye maelezo. Na mimi nilikuwa nimelinakili pamoja na picha bila kujua. Kama kuna desa kwenye hadithi hii, ni hilo, na bibi ndiye aliyenikamata nalo, si jirani yangu.

Sioni kwamba hilo linaiangusha hoja. Nisingenakili, bibi asingeuliza, na mimi ningeendelea kuzitazama picha za makumbusho kama tunavyotazama kalenda.

Ninachoomba ni kidogo. Maktaba yetu ina vitabu vya sanaa vinavyokaa kwenye rafu hadi vinaota vumbi. Tuwekewe meza moja yenye dirisha kaskazini, iruhusiwe kuwa na kikombe cha maji, na ibandikwe masharti mawili ya Louvre. Najua mkutubi akisikia neno maji atashtuka, tutazungumza. Walimu wanaofundisha sanaa wakubali nakala kama zoezi lenye alama zake, liandikwe nakala, liandikwe ya nani, na mwanafunzi aeleze kwa maneno alifumbua nini. Na serikali ya wanafunzi, ambayo kila mwaka inapata basi la kwenda bonanza, mwaka huu ipate basi moja la kwenda Kolo. Tubebe penseli na karatasi. Hakuna kugusa mwamba, wala kubandika karatasi juu yake, siku hizi hilo ni uharibifu. Tukae mbali tuchore tunachokiona. Atakayeona ni kazi rahisi aje kunicheka kwenye vimbweta.

Kuhusu bibi: mafunzo yaliisha Oktoba, lakini nimeendelea kwenda Mtumba Jumamosi, nashuka daladala kwenye lami natembea. Amenikalia mara tatu, mchana, kwenye kigoda, uwele mapajani kwa sababu hawezi kukaa mikono mitupu. Jina lake lote, na la baba yake, ameniamuru niliandike nyuma ya karatasi, nalo liko pale. Wiki iliyopita nilimpa picha. Akaiweka mbali, akaiweka karibu, kama ile ya kwanza.

"Sikio ni langu," akasema. "Kipaji changu." Akanyamaza kidogo. "Haya macho bado ni ya yule mzee wa Kenya."

Amesema kweli, nimelinganisha. Jicho la kushoto nimelifanya dogo. La bibi si dogo. Jumamosi narudi na karatasi nyingine.